Nilisema Mlango ni wa Buluu

Mshauri wangu mpendwa,

Shikamoo, na naomba unisaidie haraka, maana aibu iko njiani kuja kwangu na mimi sina mlango wa nyuma wa kutokea. Jina langu lifiche, tafadhali. Kazini wananiita Balozi, si kwamba nina cheo, ni kwa sababu mimi ni Mwarabu peke yangu katika chumba cha habari chenye watu kumi na tisa, nilihamia hapa miaka kumi na miwili iliyopita, kwa hiyo habari yoyote ikitokea upande wa kwetu, iwe uchaguzi, iwe mpira, iwe ngamia aliyekimbia mnadani, vichwa kumi na nane vinageukia meza yangu ya karibu na mashine ya kuchapisha, na lazima mtu aulize, "Balozi, hii imekaaje?" na mimi, Mungu anisamehe, huwa nina jibu, hata kama nchi inayotajwa sijawahi kuikanyaga maishani.

Nikwambie ukweli, napenda kuulizwa. Hapa nikienda dukani muuzaji ananijibu polepole na kwa sauti ya juu, utadhani naumwa masikio, na hali nimeoa hapa na nagombana na mke wangu kwa Kiswahili bila kukwama popote. Na kule nilikotoka watu wananiandikia kwenye ukurasa wangu kwamba wewe uliondoka, nyamaza, na wanaucheka usemi wangu, wanasema natumia maneno ambayo vijana waliyaacha zamani, naongea kama redio ya babu yao. Kwa hiyo mahali pekee ninapojiona mtu kamili ni pale mezani kwangu, na kwenye huo ukurasa ambako naweka video fupi za kueleza habari za kule kwa watu wa hapa na za hapa kwa watu wa kule, na wafuasi wangu walikuwa elfu sita, nusu yao nadhani ni binamu zangu.

Basi Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, ikaanza kusambaa video ya sekunde ishirini na mbili inayoonyesha barabara iliyojaa maji meusi, maandishi juu yake yanasema mji wetu mzima umezama, na mtu fulani aliyekosa kazi ya kufanya alikuwa ameibandikia muziki wa kuliza watu, kwa hiyo sauti ya aliyeipiga husikii hata neno moja, na chini limeandikwa jina la mtaa, na mtaa wenyewe, mshauri, ndio niliozaliwa. Mhariri wetu akaja mezani na kikombe mkononi akaniambia, "Balozi, hii ni kweli au wametupanga? Nakupa dakika kumi." Na mimi badala ya kusema ngoja nipige simu nikamjibu, "Kumi za nini, bosi? Mtaa ule naujua hata nikifumba macho." Na kweli niliutazama nimefumba macho.

Kwamba mji mzima umezama, huo ulikuwa uongo, na nililithibitisha hilo kwa dakika tatu, laiti ningeishia hapo. Lakini pembeni mwa picha nikaona duka la mwoka mikate, mlango wa kijani, ngazi moja mbele yake, na mimi nimekua nikitumwa mkate pale kila asubuhi, mlango wake ni wa buluu na ngazi zake ni tatu, ile ya pili iliniondolea jino la mbele nikiwa na miaka saba, basi nikawasha kamera palepale nikasema kwa lugha zote mbili, kwa ile sauti yangu ya kujua, kwamba huu si mtaa wetu, hii ni video ya mahali pengine, aliyeileta ni mwongo, mimi ni mzaliwa wa pale, mlango ni wa buluu na ngazi ni tatu, hesabuni wenyewe. Watu wakahesabu. Kufikia Jumatano jioni walioitazama walikuwa nusu milioni, wafuasi elfu sita wakawa elfu arobaini na sita, na mhariri akanikumbatia mbele ya watu wa dawati la michezo, ambao hawajawahi kumwona akimkumbatia mtu.

Alhamisi asubuhi tukiwa kwenye mkutano wa kupanga habari, simu ikaita. Alikuwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyenilea baada ya mama kufariki na anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwa mwoka mikate. Nikatoka nje kwenye korido.

"Wewe ndiye uliyesema mlango ni wa buluu?" akaniuliza kwa lugha yetu, bila salamu.

"Ndiyo, shangazi, umeiona video? Imefika mbali."

"Mlango ulikuwa wa buluu. Ulipakwa kijani mwaka ule mzee alipomwoza binti yake wa mwisho. Picha ya harusi nilikutumia, bibi harusi amesimama mbele ya mlango huohuo. Na wewe ukaniwekea moyo."

Nikamwambia, "Lakini shangazi, na ngazi je? Ngazi zilikuwa tatu."

"Bado ni tatu, mwanangu. Moja inaonekana, mbili zimezama. Hiyo ndiyo habari yenyewe."

Mshauri, nilitamani ile korido inimeze. Shangazi akaendelea, wala hakupandisha sauti, akasema bomba la maji machafu limepasuka, kwamba aliyepiga ile video ni mwoka mikate mwenyewe, mzee wa miaka sitini na nane aliyeazima simu ya mkwe wake ili ofisi ya maji ione na kuleta mafundi, na kwamba mafundi walikuwa wameshaahidiwa, hadi ukurasa wa ofisi ya maji ulipoichukua video yangu na kuandika juu yake kwamba hata mwandishi wa habari mzaliwa wa mtaa huo amethibitisha kuwa ni uzushi, na faili likafungwa. Sasa mzee anatukanwa na watu ambao hata mtaa wenyewe hawaujui, wanamwita mwongo wa mtandaoni, na wanawe walioko miji mingine wanampigia simu kumuuliza, baba, umeanza lini mambo haya? "Mimi hapa ninapoongea nawe," akasema shangazi, "nimevaa viatu vya mpira vya marehemu mume wangu, namba arobaini na nne, na mguu wangu ni thelathini na saba. Natembea kama bata." Halafu akaniuliza, "Na mlango wangu mimi, una rangi gani siku hizi?" Akakata simu.

Hajanipigia tena tangu siku hiyo, na mimi sijampigia, nafungua picha anazoweka, naziangalia, lakini kidole kinaogopa hata kubonyeza ule moyo. Kabla ya hapo, kama nitasema kweli yote, nilikuwa sijampigia kwa miezi minne, maana simu ya shangazi huwa ni saa nzima na dakika ishirini za mwanzo ni lawama, nami nilijiambia habari zake nazipata, si namwona kila siku kwenye simu, amepika, amefua mapazia, yuko salama.

Ungedhani nilirudi mkutanini nikasema nimekosea. Nilirudi mkutanini nikakuta wanapiga makofi, mhariri ametangaza kwamba nitapewa kipindi changu, kila Jumatatu, kiitwe Macho ya Balozi, na nimeshapigwa picha nikiwa nimekunja mikono kifuani, imebandikwa kwenye korido ileile niliyoongea na shangazi, na chini yake wameandika: Anajua, kwa sababu ametoka kule. Kila nikienda kuchota maji ya kunywa lazima nipite mbele ya uso wangu mwenyewe. Kipindi kinaanza Jumatatu ijayo.

Si kwamba sijafanya lolote. Nilienda kwenye ile video nikaandika maoni, ya mia tisa na kitu, nikasema: Kuna taarifa za ziada zinazoendelea kufuatiliwa. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, akaisoma akasema, "Sentensi hii imeandikwa na mtu anayekimbia." Kila jioni tukila ananiuliza, "Mume wangu, tatu toa maji ni ngapi?" na anacheka mpaka anaweka kijiko chini, halafu anaacha kucheka anasema, "Lakini yule mzee, jamani." Yeye anataka niseme hadharani. Mimi nasema tusubiri, mtandaoni kila kitu kinasahaulika kwa mwezi, na bomba halikosi kuzibwa siku moja. Ninachoogopa, na hili sijamwambia hata yeye, si kipindi peke yake. Hapa mimi ni mtu aliyetoka kule, ndiyo kazi yangu, ndilo jina langu. Nikisimama mbele ya watu elfu arobaini na sita nikasema sijui mlango wa duka nililotumwa mkate miaka yote ya utoto wangu, basi mimi natoka wapi? Kule nimeshaondoka na hapa bado naongeleshwa polepole. Nifanye nini, mshauri? Niseme, au niache maji yakauke yenyewe?

Ni mimi,
Balozi asiye na ubalozi

*

Balozi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nacheka, mara ya pili nimevua miwani nikapangusa macho. Sasa niache nikugombeze kwanza, tulimalize hilo, halafu tuongee kama watu wazima.

Wewe ni mwandishi wa habari. Ulionyeshwa barabara iliyojaa maji, ukahesabu ngazi zilizo juu ya maji, ukahitimisha kwamba nyingine hazipo. Mke wako ana subira sana, mimi ningekuuliza swali lile asubuhi na mchana pia. Tena una shangazi nyumba ya tatu kutoka kwenye tukio, shahidi wa kumwonea wivu, mwenye simu, mwenye macho, mwenye viatu namba arobaini na nne, na hukumpigia kwa sababu atakulaumu dakika ishirini! Mhariri wako alikupa kumi. Ungeomba thelathini ungekuwa mtu mwenye amani leo. Na hayo maoni yako ya mia tisa na kitu, naomba usiyataje tena mbele yangu. Kosa umelitangaza kwa kamera na kwa lugha mbili, masahihisho umeyaficha chini ya kapeti.

Unasema tusubiri, mtandaoni kila kitu kinasahaulika. Kwako kitasahaulika. Kwa shangazi yako kinamfika chini kidogo ya goti. Yule mzee aliazima simu ya mkwe wake, Balozi. Hebu fikiria mtu wa umri ule, hajazoea kamera, anatoka dukani kwake anasimama kwenye uchafu ule ili watu wa ofisi wamwonee huruma, kisha anayemwita mwongo ni yule mtoto ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimuuzia mkate. Sitaki kukuliza, nataka tu ujue unachosubiri ni nini.

Haya, nimemaliza kugomba.

Nina kaka yangu anaishi mbali, miaka mingi sasa. Kila tukiongea ananiuliza habari za paka wetu wa manjano. Paka yule alikufa mwaka wa saba huu. Mara ya kwanza nilishindwa kumwambia kwa sababu alikuwa na mitihani, mara ya pili alikuwa mgonjwa, na sasa nimebaki kumjibu kwamba paka anaendelea vizuri ila amezeeka kidogo. Kwa hiyo sikucheki kwa ubaya. Najua mtu aliyeondoka anavyoibeba nyumba kichwani, kila kitu mahali pake, paka juu ya kabati, mlango wa buluu. Ulichosema kwenye kamera hukukitunga. Mtaa ule upo kweli, ila ni wa miaka kumi na miwili iliyopita, na ngazi zake zote tatu ni kavu.

Unaniuliza unatoka wapi. Unatoka palepale. Hakuna aliyekunyang'anya kwenu, mlango umepakwa rangi tu. Mimi nimeishi mtaa mmoja maisha yangu yote na juzi nimepotea nikitafuta duka la dawa lililohamia upande wa pili wa barabara, wala hakuna aliyeniambia mimi si wa hapa. Kilichokuponza si kuhama. Kilichokuponza ni kujifanya hujahama. Wenzako hapo kazini wanataka mtu mwenye jibu kila vichwa vikigeuka, nawe ukawazoesha, hata ya ngamia unayo. Jaribu mara moja kuwaambia, "Sijui, ngoja niulize." Utaona hakuna atakayekurudisha uwanja wa ndege.

Sasa utekelezaji, na unisikilize vizuri.

Ukimaliza kusoma hapa, mpigie shangazi yako. Usianze na video, anza na salamu, na dakika ishirini za lawama ziishe zote, usimkatize, usiseme mtandao unasumbua. Mwombe radhi. Kisha mwombe akusaidie kufika kwa mwoka mikate, ukamwombe radhi mzee kwa sauti yako mwenyewe, wewe na yeye, bila kamera, bila kurekodi. Nakujueni ninyi watu wa kurasa. Msamaha wa mzee si wa kuwekwa mtandaoni.

Akikubali, na akikubali tu, mwambie shangazi awashe kamera atembee taratibu kutoka kwake mpaka dukani, na mzee aseme mwenyewe yale yaliyofunikwa na muziki. Wewe nyamaza. Halafu uwashe kamera yako, mahali palepale, lugha zote mbili, sauti ileile ya kujua, na neno la kwanza liwe: Nilikosea. Lisiwe la tano baada ya "kutokana na mazingira", na taarifa za ziada usizitaje kabisa. Sema mlango ni wa kijani, ngazi ni tatu, mbili ziko chini ya maji, bomba limepasuka, aliyepiga video alisema kweli. Elekeza ujumbe huo kwenye ukurasa wa ofisi ya maji, waliokuamini siku ile wakuamini na leo. Ile ya zamani usiifute, watu wataendelea kuirusha hata ukiifuta; bandika masahihisho juu yake kabisa, yaonekane kabla ya uso wako.

Ila kabla hujarusha chochote, ingia kwa mhariri, funga mlango, umwambie. Asilisikie mtandaoni. Anaweza kukasirika. Anaweza kukunyang'anya kipindi, na itakuuma, sitakudanganya. Lakini picha ile ya korido utaipita kila siku ukienda kuchota maji, na maneno yale chini yake mwenyewe unayajua. Kama ana akili, na mtu anayetoa dakika kumi za kuthibitisha habari namwona ana akili, atakachobadilisha ni maandishi tu. Anajua, kwa sababu ameuliza. Nampa bure.

Neno moja la kukuharakisha. Jibu hili nakutumia leo Jumatano, na gazeti linatoka Jumamosi. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, lakini nimesoma barua yako na sidhani nchi hii ina mabalozi wengi waliokosea mlango wa duka la mikate. Una siku tatu za kumwambia mhariri wako kabla sijamwambia mimi. Wasomaji wengine wanaosoma hapa, jueni siku hizo zimeshakwisha.

Mke wako mpe salamu zangu, mwambie swali lake la hesabu nimelipenda.

Na wewe, umeniandikia kurasa nne. Umenieleza mlango wa duka ulivyokuwa zamani na ulivyo leo, ngazi unazijua moja moja mpaka ile iliyokutoa jino. Nimetafuta mlango wa shangazi yako aliyekulea, kurasa zote nne, sijaukuta. Alikuuliza una rangi gani, naye bado anasubiri. Mpigie umuulize.